Kura Saba kwa Moja

Jioni ya Machi 23, 2015, madiwani wa jiji la Flint, jimbo la Michigan nchini Marekani, walipiga kura juu ya maji. Hoja iliyokuwa mezani ilitaka jiji liache kuchota maji ya Mto Flint na lirudi kununua maji ya Detroit, ambayo hutoka Ziwa Huron. Saba walisema ndiyo, mmoja akasema hapana. Kwa miezi kadhaa kabla ya hapo, wananchi walikuwa wakihudhuria mikutano wakiwa wamebeba chupa za maji waliyoyakinga majumbani mwao, mengine yakifanana na chai ya rangi. Walilalamikia harufu, vipele vya ngozi, nywele kukatika.

Kura ilipita, lakini maji hayakubadilishwa. Gerald Ambrose, meneja wa dharura aliyeteuliwa na gavana kuliendesha jiji, alijibu kwamba haimwingii akilini madiwani saba watake kupeleka nje ya Flint zaidi ya dola milioni 12 kwa mwaka, na kwamba maji ya Detroit si salama kuliko ya Flint. Kisheria, neno lake ndilo lililokuwa la mwisho. Maji ya mto yakaendelea kutoka bombani kwa karibu miezi saba mingine.

Naanza na kura hiyo kwa sababu miaka hii madiwani wa miji mingi ya Marekani wamekuwa wakikaa hadi usiku kujadili fedha za maji zinazotoka serikali ya shirikisho. Sheria ya miundombinu ambayo Rais Joe Biden aliitia saini Novemba 15, 2021 ilitenga zaidi ya dola bilioni 50 kwa maji safi na majitaka, bilioni 15 kati ya hizo zikiwa za kung'oa mabomba ya madini ya risasi. Fedha hizo zilipangwa kutolewa kwa miaka mitano. Fungu likifika mjini, lazima lipite barazani: lipokewe kwa azimio, mchango wa jiji utajwe, mkandarasi apatikane, mtaa wa kuanzia ujulikane. Mtu akivitazama vikao hivyo ataona ni maneno mengi na usingizi. Kisa cha Flint kimenifanya niamini kwamba maneno hayo ndiyo kinga ya kwanza ya maji, kabla hata ya klorini.

Flint si mji wa jangwani. Kutoka hapo hadi Ziwa Huron ni mwendo wa kilomita kama 100, na Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini yana karibu sehemu moja ya tano ya maji baridi yote yaliyo juu ya uso wa dunia. Kampuni ya General Motors ilizaliwa Flint mwaka 1908. Mwaka 1960 jiji lilikuwa na watu karibu 197,000. Viwanda vilipofungwa, wenye uwezo wa kuhama wakahama, na sensa ya 2020 ikahesabu watu 81,252. Lakini mabomba hayahami. Mtandao uliochimbwa kwa ajili ya watu laki mbili na viwanda vyao ulibaki ardhini vilevile, ukiwahudumia chini ya nusu yao. Maji hukaa mabombani muda mrefu mno, klorini huisha nguvu njiani, chuma huliwa na kutu, na gharama ya kuutunza mtandao wote hugawanywa kwa kaya chache zilizobaki, nyingi zikiwa maskini. Ndivyo Flint ilivyojikuta na ankara za maji zilizo miongoni mwa kubwa kuliko zote nchini Marekani.

Zamani mzigo wa namna hii ulibebwa na wengi. Sheria ya maji safi ya mwaka 1972 iliifanya serikali ya shirikisho ilipe hadi asilimia 75 ya gharama za kujenga mitambo ya majitaka, na ililipa kama ruzuku, fedha zisizorudishwa. Mwaka 1987 Bunge la Marekani likaamua ruzuku hizo zigeuzwe kuwa mifuko ya mikopo nafuu inayosimamiwa na majimbo. Mfuko wa maji ya kunywa ulipoanzishwa mwaka 1996, ukafuata njia ileile. Mkopo nafuu ni mkopo tu: hulipwa na yule anayelipa ankara. Mji unaokua huuona kama msaada. Mji unaopungukiwa watu kila mwaka huongezewa deni juu ya kutu.

Katika hali hiyo likaja wazo la bomba jipya. Kaunti za Genesee, Lapeer na Sanilac, pamoja na majiji ya Flint na Lapeer, ziliunda mamlaka yao iliyoitwa Karegnondi ili ichote maji Ziwa Huron moja kwa moja na kuachana na bei za Detroit. Bomba lingekuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 100. Lingejengwa kwa hatifungani, na karibu theluthi moja ya deni ingekuwa ya Flint. Machi 25, 2013, baraza la madiwani la Flint lililiunga mkono kwa kura saba dhidi ya moja.

Hesabu ile ile ya kura, saba kwa moja, mara mbili katika miaka miwili. Ya kwanza ilinukuliwa kila mahali kama ushahidi kwamba jiji lenyewe limeridhia. Ya pili ikatupwa. Kwa hakika zote mbili zilikuwa na uzito mmoja mbele ya sheria, yaani hazikuwa na uzito, kwa kuwa tangu mwishoni mwa mwaka 2011 Flint ilikuwa chini ya meneja wa dharura, na uamuzi wa kujiunga na bomba jipya ulikuwa wa meneja huyo na mweka hazina wa jimbo. Wananchi wa Michigan hawakuipenda sheria iliyowaweka mameneja hao. Novemba 2012 waliifuta kwa kura ya maoni. Mwezi uliofuata, Bunge la jimbo likapitisha nyingine, Sheria Namba 436, likaichomekea kifungu cha matumizi ya fedha, maana chini ya katiba ya Michigan sheria yenye kifungu cha aina hiyo haiwezi kupelekwa kwenye kura ya maoni. Nimesoma habari nyingi za Flint zinazoanzia mtoni. Mimi naona zingefaa kuanzia kwenye kifungu hicho.

Jambo ambalo madiwani hawakuulizwa hata kwa ushauri ni hili: Flint itakunywa nini wakati bomba jipya linajengwa? Detroit ilitoa notisi ya mwaka mmoja ya kuvunja mkataba. Ofisi ya meneja wa dharura ikaamua kwamba mtambo wa kusafisha maji wa jiji, ambao tangu 1967 ulikuwa ukikaa kama akiba tu, uwashwe na usafishe maji ya Mto Flint. Hakuna azimio la baraza lililoidhinisha mto ule. Kamati huru iliyoundwa na gavana mwenyewe kuchunguza mkasa huo ililieleza hilo waziwazi katika ripoti yake ya Machi 2016.

Aprili 25, 2014, meya alibonyeza kitufe mbele ya kamera, maji ya Detroit yakafungwa. Maji ya mto yalikuwa na kloridi nyingi zaidi, hivyo yalikula chuma. Maji ya Detroit yalikuwa yakiwekewa fosfeti, dawa inayojenga utando mwembamba ndani ya bomba ili risasi isimomonyoke. Flint haikuweka dawa hiyo, wala idara ya mazingira ya jimbo haikuitaka iweke. Oktoba mwaka huohuo kiwanda cha injini cha General Motors kiligundua kwamba maji yanaozesha vipuri vyake, kikaomba kurudishiwa maji ya Ziwa Huron, kikakubaliwa. Vyuma vya injini vikapata maji mapya karibu mwaka mzima kabla ya watoto wa shule. Sijaweza kuusoma mstari huo wa historia bila kuumia.

Nilikulia katika nyumba ambamo maji ya bomba yalikuja usiku wa manane, na mama aliamka saa nane kukinga ndoo na madumu. Sheria ya nyumbani kwetu ilikuwa moja: yachemsheni. Mwaka 2014 wananchi wa Flint nao waliambiwa mara kadhaa wachemshe maji kwa sababu ya bakteria, nao wakachemsha. Lakini risasi ni madini. Haifi kwa moto, na maji yakichemka yakapungua sufuriani, kiasi chake katika yale yaliyobaki huongezeka. Mama aliyefanya kila alichofundishwa angeweza kumpa mwanawe sumu zaidi. Septemba 24, 2015, daktari wa watoto Mona Hanna-Attisha alitangaza hadharani kwamba sehemu ya watoto wadogo wenye risasi nyingi kwenye damu imeongezeka karibu mara mbili. Oktoba 16, jiji likarudishiwa maji ya Detroit. Watu 12 walikwishakufa kwa nimonia ya bakteria wa Legionella katika mlipuko wa miaka hiyo miwili.

Hapo ndipo fedha za shirikisho zikaanza kuzungumzwa, na inafaa kuutazama mpangilio wake. Januari 16, 2016, Rais Barack Obama alitangaza hali ya hatari na kutoa dola milioni 5. Gavana alikuwa ameomba Flint itangazwe kuwa eneo la maafa makubwa, tangazo ambalo lingefungua mfuko mkubwa zaidi. Alikataliwa, kwa kuwa sheria ya maafa ni ya vimbunga, mafuriko, moto na milipuko, na mkasa huu ulikuwa umeletwa na binadamu. Bunge la Marekani likachukua karibu mwaka mzima kubishana. Desemba 2016 likapitisha sheria iliyotenga dola milioni 100 kwa Flint, na Machi 2017 fedha zikatolewa kupitia jimbo, nalo likatakiwa kuongeza milioni 20 zake. Mwezi huohuo jimbo likakubali mahakamani, katika kesi iliyofunguliwa na wachungaji na wakazi, kugharimia kung'olewa kwa mabomba ya risasi.

Fedha zilipofika, swali likawa jepesi kulitamka na gumu kulijibu: tuchimbe wapi?

Bomba linalotoka barabarani hadi kwenye nyumba laweza kuwa la shaba, la chuma au la risasi, na kumbukumbu za Flint zilikuwa kwenye kadi na ramani za zamani, nyingi zikiwa na makosa. Wataalamu wa vyuo vikuu wakatengeneza programu ya kompyuta iliyobashiri, kwa kutazama umri wa nyumba, thamani yake na mtaa wake, ni nyumba zipi zina uwezekano mkubwa wa kuwa na risasi. Mwaka 2017 wachimbaji walifuata ubashiri huo: kati ya nyumba 8,833 walizochimba, 6,228 zilibadilishiwa bomba. Mwaka 2018 usimamizi ulipewa kampuni kubwa ya uhandisi, programu ikawekwa kando, wakachimba mtaa baada ya mtaa kila kata. Nyumba 10,531 zilichimbwa, na zilizobadilishiwa bomba ni 1,567. Kutoka asilimia 70 hadi asilimia 15. Maelfu ya mashimo yalifunguliwa, shaba ikaonekana, mashimo yakafukiwa.

Ni rahisi kucheka uamuzi huo ukiwa mbali. Fikiria wewe ni diwani wa kata ambayo kompyuta imesema haina risasi nyingi. Mpiga kura wako amedanganywa na jimbo, na maofisa, na vipimo vya maabara vilivyochukuliwa vibaya. Anaona tingatinga likipita mbele ya nyumba yake kwenda kwa jirani. Unamwambia nini? Kwamba programu imekadiria? Watu walioambiwa kwa mwaka mmoja na nusu kwamba maji ni salama hawawezi kuombwa tena waamini jambo wasiloliona. Waliodai kila nyumba ichimbwe walikuwa wanadai ushahidi wa macho. Hata hivyo hesabu ni hesabu: kila shimo lisilo na risasi lilichelewesha nyumba yenye risasi. Mwaka 2019, kwa makubaliano ya mahakamani, programu ilirudishwa kazini. Naamini mgongano huo ungeweza kumalizwa barazani mapema, kwa kuweka orodha ya nyumba hadharani, kata kwa kata, na kuwaeleza wananchi jinsi inavyotengenezwa. Badala yake uliamuliwa na mikataba, kisha na mawakili.

Kulikuwa na jambo ambalo ruzuku haikuligusa. Bomba la Karegnondi lilikuwa linakamilika, deni lake likiwa limeanza kudaiwa, na sehemu ya Flint ilikuwa karibu dola milioni 7 kwa mwaka. Baada ya yote yaliyotokea, hakuna aliyetaka jiji libadilishe chanzo cha maji kwa mara nyingine. Aprili 2017, Meya Karen Weaver alipendekeza Flint isaini mkataba wa miaka 30 na Mamlaka ya Maji ya Maziwa Makuu, iliyochukua nafasi ya Detroit, ambayo kwa upande wake ingepokea haki ya Flint ya kuchota maji kwenye bomba jipya na kuifidia kiasi kinacholingana na lile deni.

Safari hii kura yao ilihitajika, na madiwani hawakusaini. Walitaka muda, walitaka kujua bei itapandaje katika miaka hiyo 30, wakaomba nyongeza ya miezi michache michache. Juni 28 serikali ya jimbo ikawashtaki katika mahakama ya shirikisho kwa kuchelewesha. Oktoba, Jaji David Lawson akawaamuru waamue. Vyombo vingi vya habari viliwaona kama watu wakaidi wanaochezea afya ya mji. Mimi nawatetea. Mkataba uliokuwa mbele yao ungedumu kuliko maisha ya kisiasa ya kila mmoja wao, na walioukimbiza walikuwa ni jimbo lilelile lililowanyang'anya sauti mwaka 2011 na kuwapuuza mwaka 2015. Mtu aliyeumwa na nyoka huutazama ung'ongo kwa muda kabla ya kuukanyaga. Kwamba hatimaye mkataba ulikuwa na manufaa, hilo nalikubali. Deni la bomba lisingelipika bila huo. Lakini kuuliza bei ya maji ya wajukuu ni kazi ya diwani, na aliyeifanya hakustahili kushtakiwa.

Novemba 21, 2017, mkataba ulipita kwa kura tano dhidi ya nne. Siziogopi kura za tano kwa nne. Zinaonyesha kwamba watu tisa wamesoma karatasi moja na kutofautiana mbele ya wapiga kura wao, majina yao yakaandikwa. Usimamizi wa jimbo juu ya fedha za Flint ulimalizika rasmi Aprili 2018, karibu miaka minne baada ya kile kitufe kubonyezwa.

Mei 2025, shirika la shirikisho la mazingira liliondoa amri ya dharura iliyokuwa juu ya maji ya Flint tangu Januari 2016. Julai 2025, jimbo liliijulisha mahakama kwamba kazi ya mabomba imekwisha: karibu mabomba 11,000 ya risasi yamebadilishwa na viwanja zaidi ya 28,000 vilivyochimbwa vimerudishwa katika hali yake. Mpango wa awali ulikuwa kumaliza mwaka 2020.

Fedha za maji huku kwetu nazo hushuka kutoka juu zikiwa na masharti yake, na madiwani wetu nao hukaa usiku wakizijadili, mara nyingi viti vya wananchi vikiwa vitupu. Vikao hivyo ni vya wazi. Kenya imeliandika hilo katika Ibara ya 196 ya Katiba yake, kwa mabunge ya kaunti. Nchini Tanzania, mabaraza ya madiwani hukutana mbele ya wananchi kwa mujibu wa sheria. Ulizia kwa mtendaji wa kata yako, au kwa mwakilishi wa wadi yako, tarehe ya kikao kijacho. Ukisikia maji yamo kwenye ajenda, nenda ukae, na usiondoke kabla hujasikia chanzo cha maji ni kipi, deni ni la nani na nani amepiga kura gani.